Sheria za barabarani ukivuka mpaka: kutoka Busia na Sirari hadi kwingineko

Dereva akitoka Kisumu alfajiri, akapita Kisian, Maseno, Yala na Ugunja, atakuwa Busia kabla jua halijapanda sana, na akishavuka upande wa Uganda atajiona kama hajaondoka kwao. Magari bado yanapita kushoto, vibao vya pembe tatu vyenye ukingo mwekundu ni vile vile alivyofundishwa alipokuwa akitafuta leseni, na hata bodaboda zinazomkata mbele hazina ugeni wowote, kwa kuwa jina lenyewe la bodaboda linasimuliwa kuwa lilizaliwa hapo hapo Busia, enzi ambazo vijana wenye baiskeli walibeba abiria kati ya kituo kimoja cha mpaka na kingine. Akiendelea hadi Gatuna, mpaka wa Uganda na Rwanda, ndipo atakapokutana na ugeni usiofichika: pale barabara hubadili upande, na yule aliyezoea kushika kushoto tangu utotoni hutakiwa kushika kulia.

Nimeendesha gari kwenye njia hizi mara kadhaa, na kila ninapoulizwa ni wapi penye mtego zaidi, jibu langu huwashangaza wanaouliza, kwa sababu sisemi Rwanda. Nchini Rwanda mgeni anajua kwamba kila kitu kimegeuka, kwa hiyo anaendesha akiwa macho, hazungumzi sana, na anatazama kila njia panda mara mbili. Mtego uko Uganda na Tanzania, ambako mambo tisa kati ya kumi yanafanana na ya kwetu, na lile la kumi halijitangazi. Ugumu wa sheria za barabarani za nchi nyingine hautokani na wingi wake. Unatokana na kwamba zimechanganyika na zile tunazozijua, kiasi kwamba mtu hajui ni ipi ya kuacha na ipi ya kuendelea nayo.

Kufanana huko kuna asili yake. Nchi nyingi za dunia zimefuata mikataba ya kimataifa kuhusu barabara, hasa ule wa Geneva wa mwaka 1949 na ile miwili ya Vienna ya mwaka 1968, mmoja kuhusu uendeshaji na mwingine kuhusu alama na ishara. Mkataba wa alama uliweka utaratibu ambao dereva anaweza kuusoma hata asipojua lugha ya nchi aliyomo, kwa sababu umbo la kibao hutangulia maneno yake. Pembe tatu yenye ukingo mwekundu inaonya, duara lenye ukingo mwekundu linakataza, duara la buluu linaamuru, na pembe tatu iliyosimama juu chini inamwambia dereva awape wengine nafasi. Kibao cha kusimama chenye pembe nane ndicho kilichoenea kuliko vyote, na umbo lake lina faida kubwa kuliko tunavyodhani: kinatambulika hata kikionwa kwa nyuma, au kikiwa kimefunikwa na tope.

Hata hivyo utaratibu huu haukukubaliwa kila mahali kwa namna moja. Marekani imo katika mkataba wa Geneva lakini haimo katika ile ya Vienna, na vibao vyake vya kuonya ni vya manjano, vya umbo la almasi, yaani mraba uliosimamishwa kwa ncha. Barani Ulaya nako kuna kibao cha almasi ya manjano, kidogo kwa umbo na chenye ukingo mweupe, ambacho hakionyi chochote. Kinamwambia dereva kwamba yumo kwenye barabara kuu na kwamba wanaotoka njia za pembeni wanapaswa kumngoja. Hebu fikiria mtu aliyeishi Marekani miaka mitano kisha akakodi gari Ufaransa. Akiona almasi ya manjano atapunguza mwendo akitafuta hatari iko wapi, huku wa nyuma yake wakishangaa kwa nini mtu aliyepewa njia haitumii.

Kabla ya alama, lakini, kuna makaratasi, na hapa ndipo safari nyingi za watu wa magharibi mwa Kenya hukwama. Watu huchukulia kwamba swali ni moja tu, kama leseni yao inakubaliwa, ilhali maswali ni matatu yanayojibiwa na watu watatu tofauti. La kwanza linamhusu dereva: je, anaruhusiwa kuendesha katika nchi hii? La pili linahusu gari: je, linaruhusiwa kuwa hapa bila kulipiwa ushuru? La tatu linahusu bima: gari hili likimgonga mtu, ni nani atakayelipa?

Kwa dereva, leseni ya Kenya hukubaliwa Uganda na Tanzania kwa mgeni anayepita. Nje ya eneo letu, nchi nyingi huhitaji pia kibali cha kimataifa cha kuendesha, ambacho nchini Kenya hutolewa na Chama cha Magari, kile wengi wanachokijua kwa jina la AA. Kibali hicho ni kijitabu chenye tafsiri ya leseni katika lugha kadhaa, na hakina nguvu yoyote kikiwa peke yake. Lazima kiandamane na leseni yenyewe. Kile kinachofuata mkataba wa 1949 hudumu mwaka mmoja, na kile cha 1968 kinaweza kudumu hadi miaka mitatu, ila leseni ikiisha kabla, nacho kimeisha. Kwa kuwa hutolewa na nchi iliyotoa leseni, vile "vibali vya kimataifa" vinavyouzwa mtandaoni na watu wasiojulikana ni karatasi ya kupoteza pesa tu.

Tofauti kati ya mgeni na mkazi nayo huwapiga watu chenga. Tuna ndugu wengi waliokwenda Uingereza kufanya kazi hospitalini na katika nyumba za wazee, na wengi wao huendesha kwa leseni ya Kenya bila wasiwasi. Sheria ya huko inawaruhusu kwa miezi 12 tangu wawe wakazi. Baada ya hapo leseni ya Kenya haitoshi tena, na kwa kuwa Kenya haimo katika orodha ya nchi ambazo leseni zake hubadilishwa moja kwa moja, itawabidi kufanya mtihani wa nadharia na wa barabarani kama mtu anayeanza. Anayengoja mwezi wa kumi na mbili ndipo atafute nafasi ya mtihani huwa amechelewa, kwa sababu foleni ya mtihani huko ni ndefu. Kuendesha baada ya muda huo ni kuendesha bila leseni, na bima inayomtegemea dereva mwenye leseni inaweza kumgeuka.

Kuhusu gari, cheti cha umiliki, yaani logbuku, ndicho kitakachoulizwa. Gari likiwa si lako, unahitaji barua ya mwenyewe ya kukuruhusu kulivusha, na kama lilinunuliwa kwa mkopo, jina la mkopeshaji limo kwenye logbuku pamoja na lako, hivyo naye ni mwenye gari. Somo hili nililipata Busia. Nilikuwa na makaratasi yote ndani ya bahasha ya kaki, nimeyapanga kwa uangalifu wa mtu anayetaka kusifiwa, na afisa aliyeyapokea akayapitia moja moja hadi akafika kwenye logbuku. Akaweka kidole chini ya mstari wa pili wa majina, akaniuliza kwa upole, "Na huyu mwenzako amekubali?" Nilikuwa nimelipa mkopo ule miezi minne kabla, lakini jina halikuwa limeondolewa. Nililala Busia usiku ule, barua ikaja kesho yake saa tano, na tangu hapo siamini bahasha yangu mwenyewe.

Busia sasa ni kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa Februari 2018 na marais wa nchi mbili, na maana ya kituo cha pamoja ni kwamba maafisa wa Kenya na wa Uganda huketi chini ya paa moja, upande ule msafiri anaouingia. Mtu anayetoka Kenya humalizana na wote wawili upande wa Uganda. Utaratibu kama huo uko Malaba na pale Isebania, ambapo upande wa pili, ule wa Tanzania, huitwa Sirari. Kituo cha pamoja hupunguza foleni lakini hakipunguzi makaratasi: gari la kigeni bado linahitaji kibali cha muda chenye tarehe ya mwisho, na anayeipitisha tarehe hiyo hugeuka mwingizaji wa gari anayedaiwa ushuru wake.

Bima ndiyo jambo ambalo watu hulielewa vibaya kuliko yote, na kwa maoni yangu ndilo la kushughulikia kwanza. Bima ya kawaida ya Kenya, ile ya lazima ya kumlinda mtu wa tatu, inaishia mpakani. Ili iendelee, dereva huchukua Kadi ya Njano ya COMESA, lile soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, kutoka kwa kampuni yake ya bima kabla ya safari. Mpango huo ulianza kutumika mwaka 1987 na hufanya kazi hivi: ukimgonga mtu Iganga, ofisi ya mpango huo nchini Uganda hushughulikia dai lake kwa kufuata sheria ya Uganda na viwango vya Uganda, kisha hudai fedha hizo kutoka kwa kampuni yako ya Kenya. Aliyeumia hahitaji kuifuata kampuni yako hadi Nairobi. Tanzania, ingawa ilijitoa COMESA, imebaki katika mpango huu, kwa hiyo kadi hiyo hiyo hufaa Sirari pia. Kinachosahauliwa ni kwamba kadi yenyewe humlipa mtu wa tatu, na matibabu ya dereva na abiria wa gari lako, lakini hailipii gari lenyewe. Gari lako likipondeka, inategemea kama bima yako kubwa iliongezwa kufika huko, na hilo huulizwa kabla ya safari.

Sasa turudi barabarani. Kushoto na kulia si suala la tabia za watu bali la historia. Kenya, Uganda na Tanzania zilitawaliwa na Mwingereza, zikabaki kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo zilikuwa chini ya Mbelgiji, zikabaki kulia. Ramani hii imewahi kubadilika. Ethiopia ilihamia kulia mwaka 1964, Uswidi mwaka 1967, Nigeria mwaka 1972 na Ghana mwaka 1974. Samoa ilikwenda kinyume na wote hao, ikahamia kushoto mwaka 2009 ili iweze kununua magari yaliyotumika kutoka nchi kama Australia na New Zealand, jambo ambalo mtu wa Kisumu anayeendesha gari lililotoka Japani anaweza kulielewa bila kuelezwa. Kwetu matokeo ni kwamba dereva hubadili upande akiingia Rwanda, akivuka Moyale kuingia Ethiopia, akipita Nimule kuingia Sudan Kusini, au akiingia Kongo kutoka Uganda.

Wengi hudhani kazi ngumu ni kukumbuka kukaa kulia. Hiyo ni rahisi mradi kuna magari mengine ya kuyafuata. Kazi ngumu iko katika mambo matatu ambayo hayaonekani mpaka uwe ndani yake. La kwanza ni kukata kona. Kwetu kona ya kushoto ni fupi, ya kulia ni ndefu na hupitia mbele ya magari yanayokuja. Kule ni kinyume, na akili iliyochoka humpeleka dereva kwenye kona fupi ya mkono wa kushoto, akajikuta ana kwa ana na lori. Raundabauti nayo huzunguka kinyume cha mshale wa saa, ilhali yetu hufuata mshale. La pili ni kulipita gari lililo mbele. Usukani wetu uko kulia, kwa hiyo ukiwa Rwanda umekaa upande wa majani, na ukiwa nyuma ya trela huoni kitu ila matairi yake. Hapo abiria wa mbele ndiye mwenye macho, na ni lazima mkubaliane maneno kabla: mimi na mke wangu tulikubaliana kwamba hatatumia neno "sawa" kwa maana yoyote, maana lilikuwa limetosha kunitia barabarani alipokuwa akimjibu mtoto aliyeomba maji. La tatu ni taa. Gari la usukani wa kulia limetengenezewa taa ambazo mwanga wake wa chini huinuka kidogo upande wa kushoto, ili umulike ukingo wa barabara bila kumchoma macho anayekuja. Ukihamia kulia, ule mwanga ulioinuka unamwelekea anayekuja, naye atakumulikia kwa hasira akidhani umewasha taa kali. Kuna vibandiko vya kuziba sehemu hiyo ya kioo cha taa, lakini dawa iliyo bora ni kutosafiri usiku.

Anayekodi gari la huko badala ya kwenda na lake hukwepa hayo mawili ya mwisho, akapata jingine dogo la kuchekesha. Katika magari mengi ya Kijapani tunayoendesha, mkono wa indiketa uko kulia kwa usukani na wa waipa uko kushoto. Katika magari ya Ulaya ni kinyume. Kwa siku mbili za kwanza, kila unapotaka kukata kona utakuwa ukifuta kioo kikavu.

Baada ya upande huja swali la nani apite kwanza, na hili ndilo ninaloona lina utata kuliko yote, kwa sababu mara nyingi halina kibao. Katika nchi zinazoshika kulia, mkataba wa Vienna unasema kwamba kwenye njia panda isiyo na alama, dereva humpa nafasi anayetoka mkono wake wa kulia. Wafaransa na Wajerumani huifuata kanuni hiyo kwa dhati. Barabara inaweza kuwa pana na iliyonyooka, na barabara ndogo inayotoka kulia ikawa nyembamba kama kijia cha kwenda kisimani, na bado anayetoka kwenye hiyo ndogo ndiye mwenye haki, ila tu kama kuna alama inayosema vinginevyo. Sisi tumezoea kwamba barabara kubwa ndiyo yenye haki, na ukubwa wa gari nao huhesabiwa, hata kama hakuna sheria inayosema hivyo. Aliyewahi kuingia Kondele, pale Kisumu, akifuatana na matatu anajua. Afrika Kusini, ambako taa za trafiki huitwa roboti, kuna njia panda ambazo pande zote nne zina kibao cha kusimama. Hapo kila mtu husimama kabisa, na aliyefika wa kwanza ndiye anayeondoka wa kwanza. Mfumo huo uko Marekani pia. Mkenya anayefika hapo akangoja aonewe huruma atangoja sana, na anayejipenyeza kama alivyozoea atavunja utaratibu ambao wote wengine wanauheshimu bila askari.

Marekani ina mawili zaidi yanayowapata wageni. Katika sehemu nyingi, taa ikiwa nyekundu unaweza kukata kulia baada ya kusimama kabisa na kuhakikisha njia iko wazi, isipokuwa pale kibao kinapokataza au katika jiji la New York, ambako ruhusa hiyo haipo kwa kawaida. Na basi la shule likisimama na kuwasha taa zake nyekundu kwenye barabara isiyogawanywa kati, magari ya pande zote mbili husimama, si yale ya nyuma yake tu.

Mwendo unaonekana kuwa jambo rahisi kwa sababu ni namba, lakini namba nazo zina vipimo. Uingereza huandika maili: kibao cha 30 mjini ni kilomita 48 hivi kwa saa, na cha 70 kwenye barabara kuu ni kilomita 112 hivi. Wales ilishusha mwendo wa mitaa ya makazi hadi maili 20 mnamo Septemba 2023. Rwanda huandika kilomita kama sisi, ila vibao vya 40, 60 na 80 hufuatana kwa karibu na kuna kamera zinazovisimamia, ambazo Wanyarwanda wamezipa jina la kike la Sofia. Hazibishani na mtu wala hazina jamaa.

Kenya na Tanzania zote zimeweka kilomita 50 kwa saa katika miji na vituo vya biashara, na kilomita 80 kwa magari ya abiria na malori makubwa. Hapo ndipo mtego niliousema mwanzoni unapofanya kazi yake. Sheria ni moja, namba ni moja, kinachotofautiana ni uzito unaopewa. Kwetu kibao cha 50 kwenye soko dogo hutazamwa na wengi kama salamu. Tanzania hutazamwa kama mstari: kinapoanza kijiji kuna kibao cha 50, kijiji kinapoisha kuna kibao kingine cha 50 kilichokatwa, na askari mwenye kifaa cha kupima mwendo, ambacho wenyeji hukiita tochi, hupenda kusimama muda mfupi kabla ya hicho cha pili, mahali ambapo mgeni ameona nyumba zimeisha akaanza kukanyaga mafuta.

Mimi sikupigwa tochi. Yangu yalinipata Tarime, si mbali na Sirari, kwenye kivuko cha pundamilia. Mama mmoja alikuwa amesimama pembeni na ndoo, hajaweka mguu barabarani, nami nikapita polepole kabisa nikijiona mwungwana. Mita mia mbili mbele askari aliyevaa sare nyeupe akaninyooshea mkono. Akanisalimu, akaniuliza habari za Kenya, akaomba leseni, kadi ya bima, pembe tatu za kuweka barabarani gari likiharibika, na mtungi wa kuzimia moto. Vyote nilikuwa navyo. Kisha akasema, "Kaka, pale kwenye pundamilia kulikuwa na mama anasubiri."

Nikamwambia kwamba mama hakuwa ameanza kuvuka.

"Alikuwa anakusubiri wewe, kaka. Wewe ndiye ulitakiwa kumsubiri yeye."

Faini ilikuwa shilingi 30,000 za Tanzania, kwa hati na namba ya malipo, na hakupokea pesa mkononi. Nilijifunza mengi pale kuliko katika kitabu cha udereva. Kenya nayo sheria inamtaka dereva amwachie mtu anayevuka kwenye pundamilia. Tumeacha tu kuitii, hata waenda kwa miguu wenyewe wameacha kuitarajia, wanasimama pembeni wakingoja magari yaishe. Kwa hiyo mgeni anayesema "kwetu sheria si hii" mara nyingi anakosea: sheria ni hiyo hiyo, na alichokuja nacho ni mazoea.

Uganda pia faini ndogo hutolewa kwa hati na kulipwa benki. Popote uendako, yule anayekuambia kwamba mambo yanaweza kumalizwa hapo hapo bila hati anakuongezea kosa la pili juu ya lile la kwanza. Kuhusu pombe nitasema kwa kifupi. Kipimo tunachokiita alkoblo hapa Kenya kina kikomo cha mikrogramu 35 katika mililita 100 za pumzi, na Uingereza upande wa England ni hiyo hiyo. Ukivuka kuingia Scotland, ndani ya nchi ile ile, kikomo kinashuka hadi 22. Mwenye kuendesha katika nchi asiyoijua asinywe kabisa, maana hesabu hizi hazifanyiki vizuri mezani.

Linabaki lile ambalo halimo katika sheria yoyote, nalo ni lugha ya madereva wenyewe. Matawi mabichi yaliyotupwa barabarani yanamaanisha gari limeharibika mbele, na lugha hiyo inaeleweka kuanzia Eldoret hadi Mbarara. Usiku, dereva wa lori huwasha indiketa ya kulia anapokutana na wewe ili ujue upana wake unaishia wapi, hakati kona. Indiketa hiyo hiyo ya kulia, ukiwa nyuma yake mchana, inakuambia usipite, na ya kushoto inakuambia njia iko wazi, ingawa anaweza pia kuwa anataka tu kusimama pembeni. Kumulika taa ndiko kunakoua watu. Hapa kwetu anayekumulikia kutoka mbele anasema "nakuja, usithubutu", au anakuarifu kwamba kuna askari kwenye kona. Kitabu cha sheria za barabara cha Uingereza kinasema kumulika kuna maana moja tu, kwamba nipo hapa, lakini madereva wa huko humulika kila siku kusema "tangulia wewe". Mkenya na Mwingereza wakimulikiana kwenye daraja jembamba, mmoja anatangulia kwa adabu na mwingine anatangulia kwa nguvu.

Hata maneno ya Kiswahili huweza kukupoteza. Mwanza niliuliza njia, nikaambiwa ninyooke hadi kiplefti kisha nikate kulia. Niliendesha nikitafuta kibao cha kuniagiza nishike kushoto, nikazunguka raundabauti ile mara mbili kabla ya kuelewa kwamba raundabauti ndiyo kiplefti yenyewe.

Kuna wakati mmoja ambao haumo katika maelezo mengi ya safari za Kigali, nao ni wa kurudi. Kule Gatuna nilivuka vizuri, nikarudi kushoto pamoja na msururu wa magari, na wasiwasi wote ukanitoka. Kilomita ishirini na kitu mbele, Kabale, nilisimama kituo cha mafuta. Ilikuwa mapema, barabara tupu, hakuna gari la kufuata. Nikatoka pale nikashika kulia kwa utulivu wa mtu anayejua anachofanya. Kijana wa bodaboda aliyekuwa akifuta kiti cha pikipiki alinipungia mkono wa kushoto kwa nguvu, akipaza sauti, "Ssebo! Ssebo!", nami nikampungia nikidhani ananiaga. Lori lililotokea kwenye kona ndilo lililonifafanulia. Siku hizi nikisafiri kwenda huko hubandika kipande cha plasta kwenye kioo cha mbele, mkabala na macho yangu, chenye mshale wa upande ninaotakiwa kushika. Nikirudi siubandui Gatuna. Naugeuza tu uelekee kushoto, na unakaa hapo mpaka nifike Kisian.